Boriti Aliyoikata Babu

Tangu utotoni nililijua ghala la marehemu babu likiwa na mgongo uliolegea kama wa punda mzee. Sikuwahi kujiuliza sababu. Nilijiambia ni umri tu: miti huchoka, paa hunepa, ndivyo majengo yalivyo. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka ghala lilipokuwa langu, na mvua ya kwanza ikanidondokea begani nikiwa ndani.

Watu wawili walikuja kuliangalia. Wa kwanza alishauri livunjwe. Wa pili, fundi mchangamfu, alisema tusimamishe nguzo moja katikati, chini kabisa ya mgongo wa paa, tuusukume juu kwa jeki ya gari, basi. Nilimpenda huyu wa pili, maana alisema nilichotaka kusikia. Tukasimamisha nguzo juu ya kipande cha ubao kwenye sakafu ya udongo, tukapiga kabari, mgongo ukapanda kama sentimita 2, tukapeana mikono. Msimu wa mvua ulipokwisha, ule ubao ulikuwa umepasuka, nguzo imezama ardhini kama msumari kwenye sabuni, na paa limerudi lilikokuwa. Nadhani lilishuka na zaidi kidogo, lakini siwezi kuapa, kwa sababu hatukuwa tumepima chochote. Hilo ndilo kosa lililoniuma kuliko nguzo yenyewe.

Safari ya pili nilianza na vipimo. Vifaa havikuwa vya ajabu: uzi wa fundi, timazi (uzi wenye uzito mwishoni, wa kupimia wima), futi, na mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojaa maji. Kwa jengo refu mpira wa maji naamini haushindwi na kitu, kwa sababu maji ya ncha zote mbili hulala kwenye kimo kimoja hata kama katikati kuna nguzo, magunia na kona tatu. Sharti ni moja tu, pasiwe na kipovu cha hewa ndani.

Nitaje na viungo vya ghala lenyewe, ili tuelewane. Lina upana wa mita 8 na urefu wa mita 14. Kila upande kuna nguzo tano, moja kila baada ya mita 3 na nusu. Juu ya nguzo umelazwa mwamba, ule mti mrefu unaopokea miguu ya makombamoyo. Makombamoyo yanapanda kutoka pande zote mbili na kuegemeana kwenye mgongo, mteremko wake ni nyuzi 30 hivi. Juu yake kuna pau, fito zinazoyakatiza, na juu ya pau kuna mabati. Halafu kuna mitambaapanya, boriti zinazokatiza kutoka nguzo ya upande huu hadi nguzo ya upande ule. Mtu akiitazama mitambaapanya anadhani kazi yake ni kubeba vitu vinavyohifadhiwa juu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilivuta uzi kwenye mgongo kutoka ncha hadi ncha. Katikati mgongo ulikuwa umeshuka sentimita 11. Nikapanda ngazi upande wa mbele, nikafumba jicho moja, nikaona kitu ambacho sikukitarajia: mgongo haukushuka tu, ulikuwa umepinda pia kuelekea kushoto, kidogo, kama sentimita 2. Nikashusha timazi kwenye kila nguzo. Za pembeni zimesimama wima. Zile mbili za katikati, zinazotazamana, kila moja ilikuwa imeegemea nje kwa sentimita 4 juu. Mwisho nikapitisha mpira wa maji kwenye mwamba. Wa kulia ulikuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Wa kushoto, pale kwenye nguzo ya katikati, ulikuwa chini kwa sentimita 8.

Niliandika namba hizo kwenye mlango kwa chaki nikazitazama kwa muda mrefu.

Makombamoyo mawili yanayoegemeana ni kama miguu ya mtu aliyesimama ameitanua kwenye sakafu yenye utelezi. Miguu ikiteleza nje, kichwa kinashuka. Kinashuka kiasi gani inategemea mteremko. Kwenye paa la nyuzi 45, kila mguu ukisogea nje sentimita 1, mgongo unashuka sentimita 1. Kwenye nyuzi 30 unashuka sentimita 1.7. Kwenye nyuzi 20 unashuka karibu 2.7, na ndiyo maana mapaa yaliyolala sana huonyesha ugonjwa huu mapema. Nguzo zangu zilikuwa zimetoka sentimita 4 kila upande. Mara 1.7, inakuja karibu 7. Lakini mgongo ulikuwa umeshuka 11. Zilizobaki 4 zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye mwamba wa kushoto. Upande mmoja wa paa ukizama, mgongo hushuka nusu ya kile kilichozama, na kichwa cha paa huinama kuelekea upande huo. Mwamba umezama 8, mgongo unapaswa kushuka 4. Saba na nne ni kumi na moja. Na ule mpindo wa kwenda kushoto? Paa langu lina kimo cha mita 2.3 kutoka kwenye mwamba; upande mmoja ukizama sentimita 8 katika upana wa mita 8, kilele kinapaswa kuhama sentimita 2.3. Nilicheka peke yangu mle ndani. Hesabu ilikuwa imefunga, na ilikuwa inaniambia kwamba sina ugonjwa mmoja bali miwili, na hakuna hata mmoja ulioko kwenye mgongo ambako tulipiga ile nguzo.

Hesabu ingekataa kufunga, ningetafuta kwingine. Kama nguzo zingekuwa wima na mwamba sawa, huku mgongo umeshuka, ningeanza kuchunguza vichwa vya makombamoyo: vimepasuka, au vimeoza pale vinapokutana. Na kama mgongo ungekuwa umenyooka lakini tumbo la paa limebonyea, hapo makombamoyo yenyewe ni membamba au yamebebeshwa kisichoyafaa. Hili huwapata sana watu wanaobadilisha mabati kuwa vigae vya udongo juu ya miti ileile: mabati membamba hayafiki kilo 10 kwa mita ya mraba, vigae huweza kufika 40 hadi 70. Macho yanaona mnepo tu katika hali zote tatu. Futi ndiyo inayozitenganisha.

Sasa, kwa nini nguzo za katikati zilitoka nje na nyingine hapana? Niliitazama mitambaapanya kwa mara ya kwanza kama mtu anayehesabu. Nguzo ni jozi tano, mitambaapanya ni minne. Kwenye jozi ya katikati kulikuwa na vishina viwili tu, kila kimoja na urefu wa kiganja, vimechomoza kwenye nguzo. Ncha zake zilikuwa bapa, zenye mistari ya meno ya msumeno. Mti wa ndani ulikuwa umeshageuka kijivu na utando wa buibui umejaa. Rangi hii ni ya kuangaliwa kila mara kwenye mti uliovunjika au kukatwa. Jeraha la karibuni huwa jeupe au la rangi ya asali. La zamani huwa na vumbi. Ukikuta jeraha jeupe kwenye kiungo kinachobeba paa, toka nje kwanza, mambo ya vipimo baadaye.

Nilimpigia simu baba mkubwa.

"Ilikuwa inagonga," akasema, kana kwamba nimemuuliza kuhusu jana.

"Inagonga nini, baba mkubwa?"

"Mzigo. Babu yako alitaka tela liingie limejaa mpaka juu. Akaona boriti inamzuia, akaikata asubuhi moja kabla ya chai." Akanyamaza kidogo. "Na paa halikuanguka."

Alilisema hilo kwa fahari, na kweli halikuanguka. Mti ni mvumilivu sana. Ukiubebesha kupita kiasi, haukupi jibu siku hiyo; unajikunja kidogo kidogo kwa miaka, na mkunjo huo unakuwa umbo lake jipya. Chuma kikibebeshwa mzigo bila kupita kikomo chake, ukikiondolea kinarudi. Mti uliokunjwa kwa miaka thelathini hubaki na sehemu kubwa ya mkunjo wake hata ukiuondolea mzigo wote.

Nilipiga hesabu ya kazi ambayo ile boriti ilikuwa inaifanya. Nikichukua mzigo wa kilo 50 kwa mita ya mraba, yaani paa lenyewe pamoja na akiba ya upepo na mtu anayepanda kupiga misumari, msukumo wa kwenda nje kwenye kila jozi ya nguzo za kati unazidi kilo 600. Boriti ilikuwa kamba inayovutwa mchana na usiku, iliyopaswa kuwa tayari kwa uzito huo wote. Ilipokatwa, msukumo haukupotea. Ulihamia kwenye mwamba, ambao sasa ulipaswa kuuzuia kwa kujikaza kwa ubavu, kutoka boriti ya pili hadi ya nne. Zamani mwamba ulikuwa unashikwa kila mita 3.5, sasa unashikwa kila mita 7. Na hapa ndipo hesabu inapotisha: kwa mti uleule na mzigo uleule uliotandazwa, ukizidisha umbali mara mbili, mnepo unazidi mara 16. Si mbili wala nne. Babu alikata boriti moja kati ya tano, na huenda alidhani amepunguza nguvu kwa sehemu moja ya tano.

Ugonjwa wa pili ulizaliwa na wa kwanza. Nguzo zilipotanuka, mabati ya chini upande wa kushoto yalivutwa, matundu ya misumari yakawa marefu kama vitundu vya vifungo, na pale bati moja linapolalia jingine pakaachana. Maji yakapata njia. Yaliteremka kwenye nguzo hadi kwenye kitako chake kilichozikwa udongoni, na mti hunywa maji kwa kitako kuliko kwa ubavu, maana pale nyuzi zake zimekatwa na ziko wazi kama kifurushi cha mirija. Kuvu wa kuozesha mti wanahitaji unyevu. Unyevu wa mti ukikaa chini ya asilimia 20 hawawezi kukua humo. Kitako cha nguzo yangu sidhani kama kiliwahi kukauka. Nilikigonga kwa nyundo: juu nguzo ililia kama ngoma, chini ilijibu kama gunia la mchanga. Bisibisi iliingia hadi kwenye mpini.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba. Niliuziba mara tatu, kwa lami, kwa kiraka, kwa lami tena, na kila mara ulifunguka, kwa sababu nguzo zilikuwa bado zinaondoka chini yake.

Kuna ghala kule Uingereza, Great Coxwell, lililojengwa na watawa karibu mwaka 1292. Bado limesimama na paa lake la mbao. Nguzo zake kuu za mwaloni hazigusi ardhi kabisa. Zimewekwa juu ya vikalio virefu vya mawe. Zaidi ya miaka 700! Najua kuna mengine yaliyochangia, mti mgumu na watu waliolitunza, lakini kila nikikumbuka vile vikalio natazama kitako changu kilichozikwa udongoni nasikia aibu kidogo kwa niaba ya ukoo.

Matengenezo yalianza kwa turubai. Hakuna maana ya kunyoosha kitu kinachoendelea kulowa. Kisha nikafunga waya mnene wa chuma kati ya nguzo mbili za katikati, karibu na juu, pale boriti ilipokuwa, na winchi ya mkono katikati yake. Nyuma ya kila nguzo niliweka kipande kinene cha mbao ili waya usiule mti. Sikuvuta. Nilikaza tu mpaka waya ulipoacha kulegea, ili chochote ambacho ningefanya baadaye kisiongeze mtanuko. Na nikajiwekea sheria ya kutosimama kwenye mstari wa waya wenye mvuto. Waya ukikatika hauangalii mwenye nyumba.

Halafu mwamba wa kushoto. Safari hii jeki haikukaa juu ya kipande cha ubao. Nilipanga magogo mafupi, mawili hivi, mawili vile, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitanda cha chini kikawa na upana wa karibu mita moja, kila upande wa nguzo iliyooza. Udongo uleule uliomeza nguzo ya kwanza sasa ulikaa kimya, kwa kuwa uzito ulikuwa umesambaa.

Kuinua sentimita 8 kulinichukua karibu mwezi. Milimita 3 kwa siku, siku 27. Ningeweza kuinua yote asubuhi moja, jeki ilikuwa na nguvu ya kutosha, na siku ya nne nilijaribu kuharakisha: nikapandisha sentimita nzima. Ulisikika mlio kama wa tawi kavu, upau mmoja ukapasuka juu yangu na misumari miwili ikaruka. Nilishusha nusu yake, nikaenda nyumbani. Viungo vya jengo hilo vilikuwa vimetumia miaka thelathini kujizoesha umbo bovu, na mimi nilikuwa nataka visahau kwa dakika kumi. Tangu hapo nilijifunza kusikiliza. Mlio wa kukwaruza, wa chini chini, ni wa kawaida, ni mti unahama mahali pake. Mlio mkali wa mara moja ni amri ya kuacha.

Jambo jingine ambalo sitachoka kulirudia: jeki ya mafuta ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mpira wake wa ndani huweza kuvuja polepole, hata usiku ukiwa umelala. Kila milimita 3 niliyopata niliifuata kwa kabari na vipande vya mbao, mpaka ukitoa jeki kabisa mwamba haushuki. Sikuwahi kuuacha mzigo juu ya jeki na kuondoka, na sikuwahi kupitisha mwili wangu chini ya kitu kinachoshikwa na jeki peke yake.

Mwamba ulipokaa sawa, nilikata sentimita 60 za kitako kilichooza mpaka nilipokuta mti mkavu unaolia. Nikachimba, nikamwaga zege, nikasimamisha kiatu cha chuma kinachoiacha nguzo juu ya ardhi kwa kiganja kizima. Hewa inapita chini yake sasa. Hii ilikuwa sehemu rahisi kuliko zote.

Kuvuta nguzo ndani kulikuwa na hila yake. Ukikaza winchi tu, unapambana na msukumo wote wa paa, na msuguano wa kila msumari. Lakini ukiinua mgongo kidogo kwa nguzo za muda, miguu ya makombamoyo hupunguza kusukuma, na winchi inafanya kazi ya mtoto. Kwa hiyo nilifanya yote mawili kwa zamu: kidogo juu, kidogo ndani. Misumari ya mabati ya katikati nilikuwa nimeilegeza mapema, vinginevyo mabati yangekunjamana au kung'oa pau. Nilivuta kupita mahali nilipotaka kwa karibu sentimita 1, nikijua kwamba nikifungua waya jengo litarudi nyuma kidogo. Lilirudi karibu kiasi hichohicho.

Halafu likaja swali la boriti mpya, na hapa nakiri nilitamani kuwa babu yangu. Mimi pia nina mizigo mirefu. Nilijiuliza, kwa nini nisiipandishe juu kidogo, ifunge makombamoyo yenyewe badala ya nguzo? Watu wengi hufanya hivyo na picha zake hupendeza. Hesabu ilinirudisha chini. Ukiipandisha boriti hadi theluthi moja ya kimo cha paa, mvuto ndani yake unakuwa mara 1.5. Ukiipandisha hadi nusu, ni mara mbili. Tena ule urefu wa kombamoyo uliobaki chini ya boriti unakuwa mguu usio na mshiko, na msukumo unaukunja nje. Makombamoyo yangu hayakuchaguliwa kwa kazi hiyo. Nilifikiria pia fimbo ya chuma badala ya mbao. Ni nyembamba na ina nguvu nyingi kuliko inavyohitajika. Lakini fimbo inajua kuvuta tu, haijui kusukuma, na paa jepesi la mabati likinyanyuliwa na upepo mkali kuta zinaweza kutaka kuja ndani. Nikachagua mbao.

Niliweka mbao mbili, moja kila upande wa nguzo, zikiikumbatia, zikashikwa kwa bolti za milimita 16 na washa pana, vile vipete bapa vya chuma. Boriti ya kuvutwa ni nadra kukatika katikati. Hukatika nchani, bolti inapopasua mti na kutoka nje kama kisu. Ndiyo maana tundu la bolti linapaswa kuwa mbali na ncha ya ubao angalau mara saba ya unene wa bolti. Kwa bolti zangu hiyo ni sentimita 11 na kitu. Nilitoboa kwenye 15, kwa woga.

Makombamoyo matatu yalikuwa yamekunjika vibaya. Sikujaribu kuyanyoosha. Nilipachika jipya lililonyooka ubavuni mwa kila moja, kutoka kwenye mwamba hadi kwenye mgongo, nikayaunganisha, na lile la zamani likabaki na kibiongo chake.

Mgongo ulirudi sentimita 9 kati ya 11. Zile mbili za mwisho niliziacha. Nilipojaribu kuzidai, viungo vya mgongo vilianza kuachia kwa chini, na mlango mkubwa ambao haukuwahi kunisumbua ukagoma kufungwa. Ukisimama mbele ya ghala na kufumba jicho moja bado unauona mnepo, kama umeambiwa upo.

Alama za penseli zenye tarehe zipo kwenye kila nguzo na kwenye kila ufa wa zamani. Mvua mbili zimepita, hakuna iliyohama.

Baba mkubwa alipokuja alizunguka kimya, akagonga nguzo ya kushoto, akapapasa kiatu cha chuma, akasimama chini ya zile mbao mbili akatazama juu. Nilingoja sifa.

"Na tela lililojaa litapita wapi?" akauliza.

Baada ya kuondoka nilipima kutoka sakafuni hadi chini ya boriti, nikachukua brashi na rangi nyekundu, nikaandika juu ya mlango, kwa herufi kubwa: MZIGO USIZIDI MITA 2.8.